Nani Atakitengeneza Siku Kikizimika?

Askari aendaye mbali huacha nyumbani mambo mengi ya kutunzwa: watoto, mifugo, shamba na heshima ya jina lake. Siku hizi limeongezeka jambo moja zaidi, nalo ni njia ya kuifikisha sauti yake nyumbani. Njia hiyo ikiziba, nyumba nzima hukosa usingizi, hata kama chakula kimejaa ghalani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Rwekubo, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Baba wa nyumba hiyo, ambaye ni sajini wa jeshi, alikuwa Somalia pamoja na kikosi cha Umoja wa Afrika, katika kazi ambayo askari wa kwanza wa Uganda waliianza Machi 2007. Mkewe alibaki na cherehani yake, migomba yake, mwana wa kiume aliyekuwa akisoma sekondari, mabinti wawili wa shule ya msingi, na mama mkwe aliyeishi katika nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa, mwendo wa hatua hamsini hivi.

Kila Jumapili saa mbili usiku sajini alipiga simu kwa njia ya intaneti. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma na paa la mabati, na mabati huyazuia mawimbi ya redio kama mwavuli uzuiavyo mvua. Kwa hiyo jamaa wote walitoka nje, wakasimama chini ya mparachichi, mahali pekee ambapo simu ilishika vizuri, wakapokezana simu moja yenye kioo. Mvua iliponyesha, mazungumzo yalikufa. Bibi, ambaye miguu ilimsumbua, mara nyingi alifika mtini simu imekwisha kukatika.

Desemba 2022 sajini alituma fedha pamoja na agizo. "Mama watoto," alisema, "weka mtandao ndani ya nyumba. Sitaki mama yangu asimame gizani ndipo anisikie."

Hapo ndipo ulipozuka ubishi. Mama alitaka kwenda Mbarara kununua kifaa kilicho tayari. Kijana alitaka kukiunda mwenyewe kwa vifaa vilivyotumika. Mama alisema hana fedha za kufanyia majaribio. Kijana naye alimjibu kwa adabu, lakini jibu lake lilichoma: "Mama, kila siku unawaambia wateja wako kwamba nguo ya dukani haikupimwa kwa mwili wa mtu yeyote, na kwamba ya kushonwa ndiyo hukaa mwilini. Mbona katika jambo hili unageuka?"

Mama hakumjibu. Hata hivyo alikwenda Mbarara kujionea kwa macho yake.

Muuzaji wa duka moja alimwonyesha kisanduku cheupe kiitwacho ruta, chenye nafasi ya kutia laini ya simu. Kazi ya kisanduku hicho ni mbili. Kwanza hupokea intaneti kutoka mnara wa kampuni ya simu. Pili huigawa ndani ya nyumba kwa mawimbi ya masafa mafupi yaitwayo waifai, hata simu tano au sita zikaweza kutumia laini moja. Bei yake ilikuwa shilingi 220,000, na kilikuwa na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja. Ukikichomeka ukutani na kutia laini, baada ya dakika chache kiko kazini. Hiyo si faida ndogo. Mwenye kununua kitu kilicho tayari hununua pia usahili wake, na hununua mtu wa kumrudia kikiharibika.

Lakini mama alikuwa mshonaji, na mshonaji haachi kugeuza nguo ili aone upande wa ndani. Aliuliza maswali manne. Umeme ukikatika, kitaendelea kufanya kazi? Muuzaji alikiri kwamba hakina betri ndani. Je, kitakubali laini ya kampuni yoyote? La, kimefungwa kwa kampuni moja tu. Je, kitafika nyumba ya pili? Huenda, lakini ukuta wa matofali hupunguza nguvu ya waifai, na kuta mbili huipunguza zaidi. Swali la nne lilikuwa la mwisho: nikiweka chini ya mabati, si kitakuwa kipofu kama simu yangu? Muuzaji alicheka, akasema kingefaa kuwekwa karibu na dirisha. Mama akashukuru, akarudi Rwekubo na fedha zake.

Kijana naye alikwenda Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi ni miongoni mwa makongwe kabisa barani Afrika. Yalianza kuwapokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili husikika sana katika masoko yake. Huko alikuwako fundi mmoja Mkongo aliyetengeneza simu na redio juu ya meza ya mbao, mtu ambaye hakutupa kitu hata skrubu moja. Fundi alimuuzia kijana ruta iliyotumika yenye kukubali laini ya kampuni yoyote kwa shilingi 70,000, na nyingine ndogo ya kugawia kwa shilingi 30,000.

Kujiundia mtandao si jambo geni nchini Uganda. Mwaka 2007 Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mpango uitwao BOSCO kwa ajili ya watu waliohamishwa na vita vya kaskazini. Kompyuta zitumiazo umeme kidogo, zikiendeshwa kwa nguvu ya jua, ziliunganishwa kwa mawimbi ya masafa marefu katika kambi kama ile ya Pabbo. Vifaa vyenyewe vilitengenezwa viwandani, lakini vilihitaji watu wa mahali pale wa kuvitunza kila siku. Katika jambo hili, kununua na kujitengenezea si maadui, bali kila kimoja kina mahali pake.

Kazi ya kijana ilichukua siku kumi na mbili. Ruta kubwa aliitia katika kopo la plastiki lenye kifuniko, akalitoboa upande wa chini ili joto litoke na mvua isiingie, kisha akalitundika chini ya upenu, nje ya dirisha la sebule, upande unaoelekea mnara. Alitaka kuliinua juu ya mlingoti mrefu, lakini fundi alimkataza kabisa. Uganda ni nchi ya radi nyingi, na chuma kilichoinuliwa juu kuliko vyote kando ya nyumba huialika. Onyo hilo halikuwa la bure. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, radi iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada.

Kutoka kwenye kopo alivuta waya wa mtandao wa mita 45 hadi nyumba ya bibi. Waya wa namna hiyo hufanya kazi barabara hadi mita 100. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na mpangilio wa rangi zake hauna budi kuwa mmoja katika ncha zote mbili. Fundi alimfundisha pia kuukwangua waya kabla ya kuununua: ukionekana mweupe ndani ya rangi ya shaba, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba tu, hukatika upesi na hupoteza nguvu njiani.

Umeme aliutoa kwenye betri ya sola iliyokuwa ikiwasha taa za nyumba. Hesabu yake ilikuwa hivi. Betri ya volti 12 na ampia-saa 20 huhifadhi wati-saa 240. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, basi zinabaki 120. Ruta ile ilikula wati 8, kwa hiyo ingeweza kukaa macho saa 15 bila jua. Lakini betri inapochajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14, na ruta iliyoundiwa volti 12 yaweza kuungua. Kwa hiyo aliweka kifaa kidogo cha kuituliza nguvu, na juu ya waya mwekundu akaweka fyuzi ya ampia 2.

Si kila kitu kilikwenda vyema. Ile ruta ndogo ya kwanza kijana alitaka kuibadilisha programu, na katikati ya kazi umeme wa ukutani ukakatika. Ruta ikafa palepale, isiwake tena, ikawa haina tofauti na tofali. Ilimbidi anunue nyingine. Alipojumlisha gharama zote, yaani ruta mbili, ile iliyokufa, waya, vichwa vya waya na vikorokoro vingine, zilifika shilingi 210,000. Akiba yote ilikuwa shilingi 10,000. Mwenye kudhani kwamba kujitengenezea ni njia ya kukimbia gharama na aifikirie hesabu hiyo. Alichopata kijana kwa kweli hakikuwa akiba. Alipata mtandao uliopimwa kwa nyumba yao, uliofika hadi kitandani kwa bibi, na alipata ujuzi.

Jambo moja zaidi alilifanya, nalo linawahusu hasa wenye jamaa katika majeshi. Ruta nyingi hutoka kiwandani na neno la siri linalojulikana na kila mtu. Mwaka 2016 programu mbovu iitwayo Mirai iliviteka vifaa vingi mno duniani, ruta na kamera za majumbani, kwa kujaribu tu maneno hayo ya kiwandani. Nyumba ambayo mazungumzo ya askari hupita ndani yake haifai kuachwa na mlango wa namna hiyo. Kijana akabadilisha neno la siri siku ya kwanza, sawasawa na inavyopasa kufanywa hata kwa kisanduku kipya cha dukani.

Mwisho alihamisha laini. Ile iliyokuwa katika simu yenye kioo aliitoa, akaitia ndani ya ruta, na simu ikabaki bila laini, ikitegemea waifai ya nyumbani peke yake. Mama alibaki na kitochi chake cha kupigia wateja. Jumapili iliyofuata bibi aliongea na mwanawe akiwa ameketi kitandani, blanketi mabegani. Kuanzia Februari hadi Mei 2023 hapakuwa na Jumapili iliyopotea.

Alhamisi tarehe 25 Mei kijana aliondoka nyumbani mwisho wa likizo, akapitia kwa shangazi yake kijijini, mahali ambapo simu hushika kwa bahati. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi taa za ruta zilikuwa zimezimika. Mama alidhani kifurushi kimekwisha, akanunua kingine kwa kitochi. Taa hazikuwaka. Akaligusa kopo, akaogopa kulifungua asije akaharibu kazi ya mwanawe, akaliacha.

Siku hiyohiyo, Ijumaa tarehe 26 Mei 2023, alfajiri, wapiganaji wa Al-Shabaab waliishambulia kambi ya askari wa Uganda huko Buulo Mareer, katika jimbo la Shabelle ya Chini. Habari zilipofika Rwekubo kwa redio, mama hakujua mumewe yuko kambi gani. Askari hatangazi mahali alipo, na mke wa askari hujifunza kutouliza. Alijaribu kupiga kwa kitochi; namba haikupatikana. Jumamosi ilipita hivyo. Cherehani haikulia. Majirani walikuja, wakakaa, wakazungumza habari za migomba. Bibi aliishika ile simu yenye kioo mkononi siku nzima, na simu ilikuwa kimya kama kipande cha ubao.

Jumamosi jioni mama alimpata yule fundi wa Nakivale. Jumapili adhuhuri fundi akafika kwa bodaboda.

"Mama, laini iko wapi?" ndilo swali lake la kwanza.

"Sijui, fundi. Mwanangu ndiye ajuaye."

Fundi alifungua kopo, akatoa laini, akaiweka katika kiganja cha mama. "Ilikuwa hapa. Ungeirudisha katika simu ukasimama nje, ungepata habari tangu Ijumaa."

Mama aliitazama laini ile, ndogo kama ukucha, asiseme neno.

Kisha fundi alifuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya kabati, mahali ambapo panya walikuwa wametafuna gamba lake, nyekundu ikagusana na nyeusi, na fyuzi ikaungua kama ilivyopasa. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima. Lakini hakukubali kukitengeneza yeye. "Hapana, mama. Mikono iwe yako," alisema, akamwelekeza: ondoa waya kwenye betri kwanza, funga palipotafunwa kwa utepe, vuta fyuzi iliyokufa, tia mpya, rudisha laini, rudisha waya. Mikono iliyozoea kutunga uzi katika sindano haikupata shida.

Taa ziliwaka moja baada ya nyingine. Baada ya dakika mbili simu ikaanza kulia mikononi mwa bibi. Ujumbe kumi na mmoja uliingia kwa mfululizo. Wa kwanza ulitumwa Ijumaa saa nne asubuhi: "Mama watoto, mimi ni mzima. Mwambie mama." Wa mwisho ulitumwa alfajiri ya Jumapili ileile: "Mbona hamjibu? Nyumbani kuna nini?"

Kwa siku mbili, basi, hofu ilikuwa imekaa pande zote mbili. Yeye aliyekuwa vitani alikesha akiwahofia walio Rwekubo.

Siku chache baadaye Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 wa Uganda waliuawa huko Buulo Mareer. Ziko nyumba nchini ambazo habari zilizofika hazikuwa kama zile zilizofika katika simu ya bibi. Mama alifahamu hivyo, na hakushangilia. Jumatatu aliwasha cherehani, akashona nguo za watu.

Kijana aliporudi Agosti, alidhani atalaumiwa. Mama hakumlaumu. Alimwambia jambo moja tu: "Ulitushonea nguo nzuri, mwanangu, lakini vifungo vyake ulikwenda navyo shule." Wakaketi pamoja wakaamua upya. Walinunua Mbarara ruta mpya yenye dhamana, isiyofungwa kwa kampuni moja, kwa sababu kifaa kinachokabiliana na mnara wa nje ndicho kigumu kukitengeneza nyumbani. Ile ya fundi wakaiweka akiba. Waya, betri, fyuzi na kopo la plastiki vilibaki kama kijana alivyoviunda, kwa sababu hakuna duka linalojua umbali wa kitanda cha bibi. Simu yenye kioo ilipewa laini yake tena, na shilingi chache za akiba ndani yake.

Basi yeyote anayekusudia kutia mtandao nyumbani mwake asianze kwa kuuliza kipi ni rahisi kwa bei. Na aulize kwanza: siku kikizimika, nani atakuwapo? Kama hayupo mwenye muda wa kujifunza, kilicho tayari chenye dhamana kinamfaa, mradi akiulizie umeme, laini na kuta zake kabla ya kulipa. Kama yupo mwenye mikono na hamu, na ajiundie bila hofu, lakini ujuzi wake usikae kichwani mwa mtu mmoja. Askari wanalijua jambo hili kwa bunduki: hakuna anayekabidhiwa silaha asiyojua kuifungua na kuisafisha.

Mama alinunua daftari la kurasa 48, akalitundika kwenye msumari karibu na betri, pamoja na kopo la majani ya chai lenye fyuzi sita. Humo aliandika kila hatua. Na kwa kuwa bibi hakusoma, katika ukurasa wa tatu hakuandika neno. Alishona juu ya karatasi kwa sindano: uzi mwekundu mahali pa waya mwekundu, uzi mweusi mahali pa mweusi, na katikati ya ule mwekundu mshono mfupi wa manjano, ndiyo fyuzi.

Novemba, siku moja mama akiwa Mbarara kununua vitambaa, taa za ruta zilizimika tena. Aliporudi jioni alizikuta zinawaka. Katika lile kopo la chai zilikuwamo fyuzi tano.